Sajini Tufani Asife

Nasma aliingia soko la Kyela mbio, khanga moja mkononi na nyingine ikiburura tope, akaanza kupiga kelele hata kabla hajaifikia cherehani ya rafiki yake.

"Tuse! Tuse wee! Mchoraji wa Sajini! Kalala kwangu!"

Tusekile aliachia gurudumu la cherehani, akasimama.

Mwaka ule wa tisini na tatu vijarida vya kila namna vilifurika kutoka Dar es Salaam, na Nasma, mwenye nyumba ya wageni na duka karibu na stendi, ndiye aliyeviuza. Tusekile, mjane kijana aliyeishi kwa kushona, hakujali vingine vyote. Alikisubiri kimoja tu, chenye hadithi ya picha za Sajini Tufani. Huyo alikuwa shujaa wa kizamani hasa. Kaptula yake ya kaki ilipigwa pasi ikakakamaa, soksi zilimfika magotini, na silaha hakuwa nayo, ila ngumi zake na pumzi iliyoezua paa la jambazi kwa mpulizo mmoja. Akikutana na bibi kizee katikati ya vita, kwanza alimwamkia shikamoo. Akizingirwa na genge zima, alitia mikono kiunoni akasema, "Nipo. Nani aanze?"

Toleo la mwisho lilimwacha kwenye daraja lililokuwa likikatika, na chini yake maandishi manene: MWISHO WA SAJINI, TOLEO LIJALO. Tangu siku hiyo Tusekile chakula hakikumpita vizuri.

"Yuko wapi sasa?"

"Kaenda bandari ya Itungi kupanda meli. Binti yake kajifungua huko Mbamba Bay. Asubuhi mwanangu alikuwa analia, mzee akachukua karatasi ya maandazi, akamchorea Sajini. Mkono uleule, Tuse! Nikapiga yowe, yeye akacheka tu, akaenda zake."

Said, kijana wa mitumba aliyepanga nguo zake pembeni, akaangua kicheko. "Mwacheni afe huyo askari wa mkoloni! Mashujaa wa siku hizi wana miwani ya jua na bastola." Huku akisema hivyo, tayari alikuwa ameshika baiskeli. "Panda, dada Tuse. Meli haina shemeji, haimngoji mtu."

Walikwenda mvua ikiwapiga usoni. Barabara ya Itungi ilikuwa tope tupu, mpunga umesimama majini huku na huku, na kila walipoingia shimoni Tusekile aliruka juu ya keria kama gunia la mchele. "Kanyaga, Said! Kanyaga!" Wanawake waliokuwa wakipalilia waliinua vichwa wakawashangilia bila kujua wanashangilia nini.

Walipofika gatini, meli ilikuwa bado imefunga kamba. Karibu na ngazi, juu ya mzigo wa mtu, alikaa mzee mwembamba mwenye kofia ya kufumwa kwa mkono, mkoba wa ngozi kifuani. Ziwa lilikuwa limechafuka, na macho ya mzee hayakubanduka kwenye mawimbi.

Tusekile alipiga goti kidogo, kama alivyofunzwa kwao Ipinda. "Shikamoo, baba. Ni wewe unayemchora Sajini Tufani?"

"Marahaba. Ni mimi, Abdulrahim. Nani kakuambia?"

"Baba, usimuue!"

Ilimtoka kwa sauti hata wachukuzi wakageuka. Mzee akatabasamu kwa huzuni. "Mwanangu, mwenye jarida anataka bastola. Anasema Sajini kapitwa na wakati. Tena nitazame mimi. Meli mbili zimeondoka wiki hii nikiwa palepale Kyela, naogopa maji. Mtu kama mimi atamchora vipi asiyeogopa kitu?"

Tusekile alishusha pumzi. "Alipofariki mume wangu, shemeji zangu walikuja kunitoa kwenye nyumba. Watu wazima, wanaume tupu. Nilikuwa natetemeka kama jani la mgomba, baba. Nikatia mikono kiunoni, nikawaambia, 'Nipo. Nani aanze?' Walitazamana. Mpaka leo nalala mlemle. Maneno yale ningeyatoa wapi kama si kwako?"

Watu walikuwa wameshawazunguka. Said naye akajikohoza. "Mzee, mimi kaptula yake naicheka, sikufichi. Ila nikitaka mtu wa kunilindia meza yangu nikienda kuswali, namwachia yeye. Yule wa bastola nitarudi nikute meza hakuna."

Kicheko kikalipuka. Mzee Abdulrahim akafungua mkoba taratibu, akatoa ukurasa uliokuwa haujatumwa: Sajini anaporomoka, daraja limekatika, chini mto umejaa mamba.

"Ah-ah!" akasema bibi mmoja wa Matema aliyekuwa na vyungu vyake vya kuuza. "Mpe mzizi ashike! Mto gani huu hauna mizizi?"

"Apulize yale maji!" akapaza sauti mchukuzi. "Pumzi si anayo?"

"Mamba akimkamata soksi je?"

"Zivuliwe soksi! Abaki na kaptula!"

Kila mtu alikuwa na lake. Mzee alianza kucheka, mabega yakamtikisika, akatoa penseli, akauweka ukurasa juu ya gunia huku Tusekile akimkingia mvua kwa khanga. Mzizi ukatoka ukingoni. Mkono ukaufikia. Gati zima likapiga vigelegele kana kwamba mtu wa kweli ameokolewa majini, na Tusekile akajikuta analia na kucheka kwa pamoja.

Meli ikapiga honi. Mzee akasimama, miguu ikagoma. Bibi wa Matema akamshikisha chungu kimoja mikononi. "Nibebee hiki, baba. Tunakwenda wote. Ukitazama chungu hutatazama maji."

Akapanda. Macho yake yote kwenye chungu, hatua moja baada ya nyingine, watu wakimhesabia kwa sauti mpaka akakanyaga sitaha. Hapo akageuka, akainua mkono.

"Ndaga fijo, baba!" Tusekile alimshukuru kwa Kinyakyusa, akipiga kelele hadi sauti ikamkauka. "Ndaga fijo!"

Toleo lilipofika Kyela, duka la Nasma lilijaa hadi barabarani. Tusekile alipewa benchi asimame juu yake awasomee wote. Alipofika kwenye mzizi, Said aliruka naye benchini kushangilia, na benchi likavunjika.