Chuma cha Goti la Selpher

Tangazo rasmi. Wananchi wa Mjambere, wa Mtopanga, na wa kila mahali ambako sauti yangu haifiki, mnajulishwa kwamba leo alasiri mwanamke aliyetikisa viwanja vya Afrika Mashariki atarejea mchezoni kwa kishindo, baada ya jeraha ambalo lingemlaza ng'ombe.

Mwanamke huyo, nilipokuwa nikilitunga tangazo hili kichwani, alikuwa chini ya kitanda, miguu nje, akikitukana kiatu.

"Gladys! Chuma changu kiko wapi?"

"Abee, dada? Chuma gani?" nikajibu kwa sauti niliyoinoa miaka mitatu bwenini, sauti ambayo mwalimu wa zamu huiamini mpaka anapoinua godoro.

Chuma chenyewe ni hiki. Dada yangu Selpher alikuwa akilipwa kucheza mpira wa kikapu Kigali. Mwaka jana aliruka, akatua vibaya kwa mguu wa kushoto, na kano la ndani ya goti likakatika. Akapasuliwa, akarudi nyumbani na kifaa cha kuvaa gotini: mikanda ya kukaza, vyuma viwili ubavuni, na kitufe cha kufunga mguu usikunjike. Mwikali, mtaalamu aliyemfanyisha mazoezi, alishamwambia akivue, goti limepona. Selpher aliitikia vizuri sana, kisha akaenda kulala nacho.

Nyumbani kwetu sala ya jioni ni ya kupiga magoti. Hata aliyekuja kuazima chumvi, akiikuta sala, hupiga. Ila tangu aumie, Selpher husali juu ya kigoda, mguu umenyooka mbele kama mwiko, na Mama husema Mungu anaelewa, kwa sauti ya mtu asiye na hakika sana.

Leo kocha Odhiambo alikuwa ameleta timu yake kutoka Nairobi icheze na wasichana wetu mechi ya kirafiki, na benchi letu angeliongoza yeye mwenyewe, amwone Selpher kwa karibu. Alikuwa amebakiwa na nafasi moja ya mkataba. Alimwambia dada kwa simu, "Mimi nataka kuona huo mguu wa kushoto tu. Nisipouona leo, kuna msichana mwingine anangoja."

Basi mtaona kwamba kuficha chuma siku kama hiyo ni upumbavu, na mimi ndiye niliyekificha. Nilipanga kukitoa baada ya muda kidogo, juu ya sinia, kwa heshima zote. Lakini Mama aliingia akasema, "Kila mtu amwage mfuko wake hapa!" Nami, badala ya kucheka na kukitoa, nilikimbilia chooni nikakivaa chini ya dera. Kitufe kikajifunga. Nikakibonyeza, nikakipiga, nikakibembeleza. Wapi!

Tukaenda uwanjani Mtopanga bila chuma. Yaani, wao walienda bila chuma.

"Mbona wachechemea?" Mama akaniuliza njiani.

"Kiatu kinanibana, Mama."

"Umevaa ndara."

Nikaanza kuimba pambio.

Uwanja ulikuwa wa saruji, umepasuka upande mmoja, na watu walikuwa wamejaa hadi juu ya ukuta. Selpher alianza mechi. Alicheza kama mtu anayevuka sakafu iliyopigwa deki. Akipata mpira, anautupa kutoka mbali. Akifunguliwa njia ya kushoto, anageuka kulia.

"Dada, kushoto kumeoza?" kijana mmoja akapayuka ukutani. "Hebu jaribu na huko kwingine!"

Watu wakacheka. Odhiambo hakucheka. Alimtoa, akamkalisha benchi, akaanza kuangalia simu yake.

Wakati wa mapumziko Selpher alinijia. Mikono yake ilikuwa baridi, na jua lile!

"Gladys, siwezi. Nahisi goti liko uchi. Nitamwambia kocha anisamehe."

Maneno yalinifika kooni. Ningeinua dera pale pale, yangekwisha. Lakini Mama alikuwa kando yangu, na ukuta mzima ulikuwa ukitutazama, na mimi ni mwoga kuliko wanavyodhani bwenini. Nikasema, "Dada, ngoja kidogo." Kungoja nini, hata sijui.

Zilipobaki dakika chache, wasichana wetu wakiwa nyuma kwa pointi moja, Odhiambo alimwita. "Selpher, uko fiti ama nikuache upumzike?"

Dada alitazama goti lake. Akasimama.

Mara ya kwanza alipopata mpira, aligeuka kulia. Mara ya pili, kulia. Kisha mlinzi wao, msichana mrefu kama nguzo ya stima, akamzibia kulia kabisa, akimcheka. Selpher akadunda mpira, akaingia kushoto. Nikafumba macho, nikayafumbua. Alikuwa hewani. Alikuwa amerukia mguu ule ule.

Mpira ukaingia. Nguzo ya stima ikamwangukia.

Selpher akalala saruji, ameshika goti. Mama alinikamata mkono na kucha zote. Nami nilikuwa nimesimama imara kabisa, nimeshikiliwa na chuma kilichopaswa kumshikilia yeye.

Ndipo mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Akalikunja goti, akalinyoosha, akalikunja tena, kama mtoto aliyepewa mlango mpya.

Mechi ilipokwisha Odhiambo alimpa mkono. "Jumatatu uko Nairobi. Na kushoto usikusahau tena."

"Mulungu wangu!" Mama akalia. "Tupige magoti. Hapa hapa!"

Selpher akawa wa kwanza. Magoti yote mawili, chini, kwenye saruji. Mama alipoona hivyo sauti ilimkatika. Wachezaji wakapiga magoti. Odhiambo akatandika leso yake, naye akapiga. Nikabaki mimi, nimesimama peke yangu kama mlingoti wa bendera.

"Gladys," Mama akasema, macho yamefumbwa.

"Abee."

"Twakungoja."

Nilijaribu. Goti moja lilishuka, mguu wa pili ukachomoka mbele, dera likapanda, na jua la Mtopanga likaking'arisha chuma mbele ya umma wote.

Mama akafumbua jicho moja. Selpher akakitazama chuma, kisha akanitazama mimi.

"Ulijua nimepona," akasema polepole. "Ulikificha ili nikiache. Sivyo?"

Ilibaki kuitikia tu, niwe shujaa. Kocha mwenyewe alikwisha kuanza kutikisa kichwa kwa heshima.

"Hapana, dada," nikasema, na machozi yakaja bila kuitwa. "Sikujua lolote. Nilitaka tu kukuona ukikitafuta. Halafu nikaogopa. Ulipoanguka pale, nilijua nimekuvunja mimi."

Alinisogelea kwa magoti, akashika kitufe, akakivuta kwanza ndipo akakibonyeza. Mguu wangu ukakunjika.

"Haya, shuka vizuri," akasema. "Mama hajamaliza na Mungu. Akimaliza, ni zamu yako."