Hajambo, Tunashukuru

Walimkalisha kwenye kiti, wakapitisha shuka kifuani, wakaikaza nyuma kwa mafundo mawili, halafu wakamvalisha shati jeupe juu yake. Ukisimama mbele ungesema huyu ni mtu anayekaa mwenyewe. Mama yake alisimama nyuma, kwenye mafundo, na hakupendezwa hata kidogo.

"Ya nini kumpamba? Anaozeshwa?"

"Mgeni anakuja, mama," alisema mhudumu wa makao, mwanamke mpole mwenye mikono minene. "Tumwache ananuka?"

"Mwache! Si ndicho anachokuja kupima?"

"Meneja kasema."

Mama alikuwa na sababu ya ukali. Mwanawe ana miaka ishirini na sita, hasemi, hatembei, na kumgeuza kitandani kunataka watu wawili, mmoja mabegani, mmoja kwenye nyonga. Mpimaji wa serikali akimpa daraja la kwanza, atabaki hapa makaoni na wahudumu wake wawili. Akimpa la tatu, serikali haigharimii kitanda, na atarudishwa nyumbani. Nyumbani ni chumba kimoja chenye cherehani, na mama mwenye mgongo ulioharibiwa na cherehani hiyohiyo. Mwaka juzi alijaribu kumgeuza peke yake. Wakaanguka wote wawili, wakalala sakafuni mpaka jirani alipokuja kufuata gauni lake.

Kwa hiyo alijiandaa. Alikuwa na daftari kwenye mfuko wa plastiki: saa za kugeuzwa, siku za kifafa, chakula kilichosagwa na bado kikampalia, kidonda cha mgongoni kilichopona na kufumuka tena mara nne. Watu wa mafaili anawajua. Wanakuja juujuu, wanaondoka juujuu. Huyu wa leo, thubutu! Hata mhudumu naye mama alianza kumtilia shaka, maana kila akimtazama, mwenzake anatazama dirisha.

Mpimaji aliingia na kishikwambi mkononi. Alikuwa mdogo kuliko mwanawe, viatu vinang'aa. Mama alikaza uso, akingoja kudharauliwa. Wapi! Yule kijana aliinama kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za tangu asubuhi?"

"Nzuri."

"Na ndugu yetu, hajambo?"

"Hajambo, tunashukuru."

"Anakula?"

"Anakula."

"Usingizi anapata?"

"Anapata, Mungu mkubwa."

"Na wewe mwenyewe, unamudu?"

"Namudu, baba. Tutafanyaje?"

Kidole cha mpimaji kilikuwa kikigusagusa kioo. Mama alidhani anazima kengele za simu. Moyo wake ulilegea. Kumbe huyu kalelewa! Maana ni nani anayejibu salamu kwa kidonda? Hata penye msiba, ukiwauliza wafiwa hali zao watakwambia ni nzuri, ndipo waanze kulia. Alivuta kiti, akatoa daftari, akalowesha kidole kwa mate.

"Haya, baba. Sasa tuanze."

"Tumemaliza, mama."

"Tumemaliza nini? Salamu?"

"Maswali. Afya, lishe, usingizi, uwezo wa mlezi. La kukaa nimejionea mwenyewe."

"Amefungwa huyo! Mvue shati uone!"

Mama aliruka, akaanza kuhangaika na vifungo. Mpimaji alirudi hatua moja, kwa adabu, kama mtu aliyeingia chumba cha wenyewe.

"Mama, majibu yameshakwenda. Mfumo ukipokea haurudishi."

"Basi niulize tena! Niulize kama mtu anayeuliza!"

"Nimekuuliza kwa heshima, mama. Ulitaka nikufokee?"

Mama alimgeukia mhudumu. "Sema basi wewe! Nani anamwinua kila siku?"

Mhudumu alitazama dirisha. "Mimi nina watoto, mama," alisema kwa sauti ndogo.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Daraja la tatu. Chanzo cha taarifa: mama mzazi. Alikwenda ofisini na daftari lake. Karani alimsomea kanuni bila kuinua macho: rufaa husikilizwa baada ya miezi kumi na miwili, na sharti mhusika awe anaishi katika makazi aliyopangiwa. Yaani arudi nyumbani kwanza, akae mwaka, ndipo waje kuona kama anaweza kukaa. Daftari halikufunguliwa.

Ijumaa gari la makao lilisimama mlangoni kwake. Mhudumu alishika nyonga, dereva akashika mabega. Chumba kilikuwa chembamba. Walimtua kizingitini wakapumua, wakamwinua tena, wakagonga cherehani, wakampitisha ubavuubavu mpaka kwenye godoro. Dereva alikuwa mtu wa miraba minne, na bado alikuwa anahema.

"Pole, mama," alisema mhudumu. Macho yake yalikuwa mekundu. Alitoa karatasi. "Sahihi yako hapa. Kwamba umempokea salama, na kwamba mlezi mmoja anatosha."

"Nisipotia?"

"Hata ile rufaa hupati."

Mama alitafuta pa kuandikia. Meza ya cherehani ilikuwa imejaa vitambaa vya watu. Dereva, kwa wema tu, aliinama mbele yake na kumpa mgongo. Mama aliiweka karatasi juu ya shati la dereva, akashika kalamu, na jasho likaanza kuilowesha kabla hajaandika kitu.