Mikwaruzo Mgongoni mwa Gitaa

Fundi aligundua mikwaruzo Jumamosi asubuhi, alipoligeuza gitaa lake kulifuta vumbi kama afanyavyo kila Jumamosi, vumbi liwepo lisiwepo. Ilikuwa mgongoni, upande wa chini, pale gitaa linapokutana na tumbo la mpigaji: mistari myembamba kama nywele, mingi, inayopishana. Alilisogeza dirishani akalitazama kwa jicho moja. Kazi yake ni kupaka rangi magari yaliyogongwa, na mtaa mzima hakuna anayeujua mkwaruzo kumshinda. Huu haukuwa wa kuanguka. Haukuwa wa panya. Ulikuwa mkwaruzo wa mtu aliyekaa kitako akalipakata.

Sasa, mtu gani? Watoto wako shule ya bweni. Mke wake, ambaye ni mkunga, huligusa gitaa kwa ncha ya fagio tu, na huliita "mke mwenzangu". Alibaki mama mkwe, aliyehamia kwao baada ya kufiwa na mumewe, na huyo, fundi hakumfikiria hata kidogo. Mama mkwe alikuwa mtu wa kukaa kitini karibu na dirisha, mikono mapajani, rundo la funguo za nyumba yake ya zamani limebanwa kiunoni kwa pini, na maneno yake ya siku nzima yalikuwa ya kuhesabika. "Umeamkaje, mkwe wangu." "Nimeshiba." "Usiku mwema." Kumshuku mtu wa namna hiyo ni kukosa adabu.

Kwa hiyo fundi hakuuliza, alifanya kazi. Alipitisha ukucha juu ya kila mstari. Ukucha haukukwama, maana yake kilichojeruhiwa ni vanishi peke yake, mbao haijaguswa. Akafuta kwa kitambaa chenye unyevu, akakausha, akachukua fulana kuukuu ya pamba akaitia dawa ile nyeupe nzito wanayong'arishia magari, kidogo tu, kiasi cha dawa ya meno ya mtoto, akaanza kusugua kwa viduara vidogo. Mkono mwepesi, na usikae sana mahali pamoja. Ukikandamiza, vanishi inapata joto na kulainika, na hapo utakuwa umejitafutia kazi nyingine kubwa zaidi. Mwisho akapaka nta, akaifuta, mgongo wa gitaa ukang'aa mpaka akajiona pua. Akalirudisha kwenye ndoano yake ukutani, roho kwatu.

Jumamosi iliyofuata mikwaruzo ilikuwa pale pale.

Jibu lilikuja na mvua. Rangi ya gari haipulizwi hewa ikiwa na unyevu, inakauka na ukungu mweupe, kwa hiyo mchana mmoja mvua ilipoanza fundi alifunga karakana akarudi nyumbani mapema. Alikuwa ameshashika kitasa alipolisikia gitaa. Halikuwa linapigwa kama yeye anavyolipiga. Yeye hulipiga kama mtu anayenyoosha bati. Huko ndani kidole gumba kilikuwa kinatembea kwenye nyuzi nene taratibu, bila haraka ya kufika popote, na vidole vingine vinakitania kwa juu. Fundi alichungulia dirishani. Mama mkwe alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, amelipakata gitaa, macho ameyafumba, na zile funguo ziko katikati ya kiuno chake na vanishi. Alikuwa anatabasamu. Fundi hakuwahi kuyaona meno ya mama mkwe wake.

Mwanamume mwingine angeingia. Huyu alipima aibu yake, akapima na ya mama mkwe, akaona zikijumlishwa hazibebeki. Watu wawili ambao hata chumvi hupeana kwa kuiweka mezani kwanza, leo mmoja amfume mwenzake katikati ya raha zake! Akarudi nyuma kwa vidole vya miguu, akasimama chini ya ukingo wa bati unaovuja mpaka saa ya mkewe kurudi ilipokaribia, ndipo akaingia ametota chapachapa na kusema karakana imefurika. Alikohoa wiki nzima. Na tuseme kweli, alikuwa na furaha kama mjinga.

Tangu hapo akawa mtu wa kutoroka kazini kwake mwenyewe. Akimaliza gari alfajiri, mchana yuko chini ya dirisha lake, amekalia kopo la rangi, anasikiliza. Jirani akatangaza kwamba fundi amefukuzwa nyumbani ila anaona haya kuondoka.

Tatizo likawa lile la mdomo mzito. Fundi alitaka mama mkwe ajue kwamba hakuna neno, apige atakavyo. Lakini kumwambia hivyo ni kumwambia kwamba alimwona. Akaamua kusema kwa mikono. Kazi ya kung'arisha, ambayo siku zote aliifanyia uani, akaihamishia sebuleni, mbele ya kiti cha mama mkwe. Kila Jumamosi alililaza gitaa kifudifudi juu ya blanketi, akasugua kila mstari kwa upole, huku akipiga mluzi. Moyoni alikuwa anasema: kwaruza, mama, mimi nipo. Mama mkwe alitazama nje. Fundi akanunua nta bora zaidi. Mama mkwe akatazama nje zaidi. Mwishowe fundi akaja na wazo lililompendeza kuliko yote: akabandika mgongoni mwa gitaa karatasi ya plastiki isiyo na rangi, ile wanayokinga milango ya magari mapya. Sasa mama wa watu atapiga bila wasiwasi.

Jumamosi iliyofuata plastiki haikuwa na hata alama. Gitaa lilikuwa na vumbi, tena vumbi la kweli. Chini ya dirisha palikuwa kimya. Fundi alikalia kopo lake siku tatu akisikiliza saa ya ukutani.

Mkewe ndiye aliyemfungua macho, jikoni, akiwa na mwiko mkononi.

"Mama anahamia kwa kaka. Kesho anakuja kumchukua."

"Kwa nini?"

"Anasema hapa anaharibu vitu vya watu. Umemfanya nini mama yangu?"

"Mimi? Sijamwambia hata neno moja!"

"Ndiyo maana nakuuliza."

Ikabidi aeleze yote, kuanzia mvua. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Yaani kila Jumamosi unakaa mbele ya mama, unasugua pale alipokwaruza, kimya."

"Kimya wapi? Napiga mluzi."

"Na mluzi juu. Halafu ukalivalisha plastiki."

"Ili asipate shida."

Mkewe alimtazama kama anavyowatazama wanaume wanaozimia wodi ya wazazi. "Nenda ukamwambie."

"Mwambie wewe, ni mama yako."

"Aliyeyakoroga ni wewe."

Asubuhi mabegi yalikuwa sebuleni na mama mkwe kitini, kitambaa cha safari kichwani. Fundi alilishusha gitaa, akapiga magoti na kuanza kubandua ile plastiki. Ilitoka kwa shida, ikaacha gundi, na gundi ile ingehitaji siku nzima. Hakuishughulikia.

"Mama."

"Naam, mkwe wangu."

"Naomba upige."

"Mimi? Gitaa nimelijulia wapi mimi?"

Heshima yote aliyofundishwa maishani ilimtaka aishie hapo, aombe radhi, abebe mabegi. Akapiga moyo konde.

"Nilikusikia siku ya mvua. Nilikuwa nje."

"Siku ile karakana ilifurika."

"Haikufurika, mama. Karakana iko juu ya kilima. Na siku nyingine zote nilikuwa hapo chini ya dirisha."

Mama mkwe alimgeukia. "Kile kikohozi?"

"Ni mimi."

"Nilidhani mbuzi wa jirani." Aliitazama plastiki sakafuni. "Sasa kama ulikuwa unapenda, ulikuwa unafuta nini?"

"Nilitaka kila ukilishika ulikute zuri. Sikujua unaona ninakusuta. Usiende, mama. Nakuomba. Nyumba hii ina raha ukiwemo."

Mlangoni mkewe alikuwa anafagia mahali palipokwisha fagiliwa. Mama mkwe alinyoosha mikono, akapewa gitaa, akakaza waya mmoja, akalegeza mwingine, kisha akalirudisha.

"Piga wewe."

Fundi akapiga. Mama mkwe alifumba macho, lakini si kama siku ile ya mvua.

"Toka nije hapa nakusikiliza," alisema. "Ukianza tu, natamani kulala. Gumba lako linakimbia. Linakimbilia wapi? Anza tena."

Shemeji aliingia akiwa na ufunguo wa gari mkononi, akasalimia, akainua begi la kwanza. "Twende mama, jua litatuwakia njiani."

"Weka chini, ukae. Tuna kazi."

Shemeji akatafuta pa kukaa, kochi limejaa mabegi, akakalia lile begi alilolishusha. Fundi akaanza tena, akakosea. Akaanza tena, akakosea pale pale. Mama mkwe akainama, akakishika kile kidole gumba cha mkwewe, akakiweka juu ya waya. Fundi hakuthubutu kuvuta pumzi.

"Hapa," alisema mama mkwe. "Marehemu naye alikuwa anakosea hapa hapa. Kila siku. Namfundisha, anacheka, anakosea, mpaka amekufa hajapapata." Tangu ahamie hakuwahi kumtaja. Machozi yalimtoka yakadondokea gitaa, juu ya vanishi, na fundi akayaacha yalivyo.

"Rudia, mwanangu."

Akarudia.