Mtutu wa Mzee Saady

Reverien alichomoa bolti, akaielekeza bunduki dirishani na kuchungulia ndani ya mtutu. Alitarajia kuona chuma kinachong'aa na ile mifereji inayoizungusha risasi. Aliona giza na vishimo vya kutu, kama sufuria iliyosahauliwa mvuani. Kisha harufu ikampanda puani. Mawese.

"Umeona?" aliuliza Mzee Saady kutoka kwenye mkeka. Macho yake yalikuwa yamezimika miaka mingi, na ndiyo sababu alikuwa akiiuza bunduki yake. Hakuna anayempa kipofu kibali cha kuwinda. "Ya enzi za Mwingereza, lakini haijalala na kiu hata wiki moja. Mke wangu huipaka mafuta kila Ijumaa."

"Mpaka ndani," alisema Bi Mwanaheri akimimina chai. "Nafunga kitambaa kwenye kijiti, nachovya, nasukuma. Tena mawese safi, si haya yaliyochakachuliwa ya sokoni."

Reverien akanywa chai ili asijibu. Mawese yanafaa kwa maharage, na mpini wa jembe huyashukuru, lakini ndani ya mtutu huganda, hushika unyevu, na kutu hula chini kwa chini. Mama huyu alikuwa ameiua bunduki kwa mapenzi. Reverien alimhurumia, kisha akajihurumia mwenyewe zaidi. Kule kwake Muyama nguruwe pori walikuwa wamefukua mihogo yake misimu miwili mfululizo, na alikuwa ameuza dume lake la pekee la ng'ombe ili anunue bunduki hii. Kwa mtutu huu risasi ingekwenda inakotaka yenyewe. Kufunga mpya kungemgharimu karibu sawa na bunduki nzima. Asipopunguziwa bei hanunui, na hapunguziwi bila kutaja kasoro, huku aliyeisababisha amesimama mbele yake na birika mkononi.

"Mzee, bolti ni nzuri, kitako kizima," alisema. "Ila mtutu itabidi nibadilishe."

"Mtutu una nini?" aliuliza mzee.

Bi Mwanaheri aliacha kumimina.

"Umechakaa kwa risasi. Inaonekana ulipiga sana, mzee."

Ulikuwa uongo mbovu, na alilijua hilo mara tu ulipomtoka. Kasulu nzima ilijua kwamba Saady alikuwa muuza vitenge aliyekwenda porini mara moja kwa mwaka, akarudi na pongo mmoja akibahatika. Mzee akageuza uso kuelekea upande aliosimama mkewe.

"Ego," alikubali kwa Kiha chake cha dukani. "Ujana, bwana. Nilipiga mno. Basi toa gharama ya mtutu kwenye bei, kesho twende polisi tukaanze kuhamisha umiliki. Na ukishamuua huyo mnyama wako haramu, usije ukanisimulia."

Reverien alicheka, akamshika mzee mkono kwa mikono miwili. Furaha ilimjaa, maana msimu huu mihogo ingekuwa na mlinzi, ingawa aliona haya kumtazama Bi Mwanaheri.

"Jambo moja," alisema Mzee Saady bila kumwachia mkono. "Fundi akishautoa huu mtutu wa zamani, na polisi wakiruhusu, niletee."

"Chuma kibovu cha nini tena, baba Asia?" aliuliza Bi Mwanaheri.

"Nimeizoea harufu yake. Ikifika Ijumaa, huwa naingoja."

Bi Mwanaheri aliitazama bunduki, kisha akavitazama vidole vyake. Akaiweka birika chini. Kikombe cha mgeni kilikuwa hakijajaa, lakini hakukiangalia. Alivuta ukingo wa mkeka, akaketi, bega lake likagusa bega la mumewe.