Godoro Linalokumbuka

Jumamosi saa nne asubuhi, fundi saa alivua viatu, akavipanga sambamba chini ya meza ya risiti, akajilaza chali juu ya godoro la kujaribia. Mkewe, mwalimu wa chekechea aliyemwoa miezi minne iliyopita, alisimama kando akimshikia koti. Muuzaji, mwanamke mwenye utepe wa kupimia shingoni, aliwaeleza kwamba sponji hii ina kumbukumbu: ukiilalia inashika umbo lako, ukiinuka inarudi polepole. Bei yake imechangamka, alisema, lakini mgongo hauna spea.

Fundi saa akafumba macho. Upande wake wa kushoto, ambako hapakuwa na mtu, sponji ikaanza kushuka. Lilibonyea bega, ikafuata nyonga, kisha magoti yaliyokunjwa hadi kifuani. Mwisho kikatokea kishimo cha kiwiko juu ya kichwa, kama cha mtu anayejikinga asipatwe usoni. Lilikuwa umbo la mwanamke mfupi.

Muuzaji aliinama akatazama. "Huyu nani?"

"Mke wangu wa kwanza," alisema fundi saa bila kufumbua macho. "Alikuwa hatulii kitandani."

Muuzaji akasema wapo wa namna hiyo. Sponji huchota kumbukumbu kwa yeyote anayeilalia. Juzi tu mzee mmoja alijilaza hapo, wakatokea ndugu zake wanne, wamebanana kama enzi za utoto wao.

Wakati wa posa mwalimu aliambiwa kwamba mke wa kwanza aliondoka kwa hiari yake, tena bila kuaga. Hakuwa na sababu ya kutoamini. Mtaa mzima ulimsifu fundi saa kwa upole: mtu anayetengeneza saa za mkononi hawezi kuwa na mkono mzito, walisema. Na kweli, kwa miezi minne hakuwa amepandisha hata sauti. Lakini mwalimu aliujua mkao ule. Darasani kwake kulikuwa na watoto wawili waliolala hivyo kila mchana, na mwalimu mkuu alikuwa amewaandika kwenye daftari lake la kabatini, la watoto wa kufuatiliwa nyumbani kwao.

Walijaribu godoro la pili. Mwanamke akatokea vilevile. La tatu lilikuwa nene zaidi, hata vidole vilihesabika.

Mwalimu akaliendea godoro lililosimamishwa karibu na mlango. Lilikuwa la sponji ngumu ya kawaida, lisilokumbuka chochote. Akasema amelipenda hilo.

Fundi saa aliketi, akavaa kiatu kimoja, akafunga kamba vizuri, ndipo akajibu. "Nimekwambia uchague, mke wangu. Lakini si hilo."

Alisema kwa sauti ileile ya kuagiza chai. Mwalimu akaelekeza kidole kwenye lile la tatu.

Mume alipotoka kutafuta gari la kubebea, mwalimu alimuuliza muuzaji kama tandiko la juu lingeweza kuliziba umbo lile.

"Wiki moja hivi," alisema muuzaji. "Baada ya hapo linapenya."

Mwalimu akampigia simu mama yake, akamsimulia yote tangu mwanzo. Kwa mama, watoto wa kaka yake walisikika wakigombania kitu katika chumba ambacho zamani kilikuwa cha mwalimu. Mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Amekupiga?"

"Hapana."

"Amekutukana?"

"Hapana, mama."

"Sasa mwanangu, ukirudi hapa nitawaambia nini watu? Kwamba umekimbia godoro?"

Mwalimu alisema amesikia. Akamsalimia wifi yake, akakata simu.

Godoro lilifika nyumbani kabla ya adhuhuri. Fundi saa alilichana nailoni kwa wembe mdogo wa kazini kwake, akatandika shuka mwenyewe, akazipiga pembe zikanyooka. Kisha akaenda kuoga. Mwalimu alipanda upande wake, uliokuwa bado umebonyea tangu dukani, akajilaza chali, miguu ameikaza, mikono ubavuni. Sponji haikumlazimisha. Ilimsubiri tu. Bega ndilo lililoteleza kwanza, naye akajikuta ameelekea ukutani. Nyonga ikaingia mahali pake. Magoti yakapanda. Miguuni alizidi kidogo, maana yeye ni mrefu, lakini sponji ikasogea ikamwachia nafasi. Akauzuia mkono kwa muda, hadi ukachoka. Alipouinua juu ya kichwa, kiwiko kilikuta kishimo chake, na ndani mlikuwa na joto.

Mume alirudi akijifuta maji masikioni. Akaketi ukingoni, akampapasa kisigino.

"Vipi, limekufaa?"

"Limenitosha," alisema mwalimu.

Fundi saa akafurahi, akaenda kurudishia mlango.