Kwangu Inaonekana

Jomar alikuwa na jibu moja kwa kila lawama. Mteja akipiga simu kulalamika kwamba picha za tovuti yake hazionekani, yeye huegemea kiti, hutazama kioo cha kompyuta yake na kusema, "Kwangu inaonekana." Meza zetu zilitazamana katika ofisi yetu ya kutengeneza tovuti hapa Iloilo, Ufilipino, na jibu lile lilinipandisha hasira kila mara. Kwake ingekosaje kuonekana? Picha zilikuwa kwenye kompyuta yake, na njia aliyoiandika ilielekea kwenye folda ya kompyuta hiyohiyo. Mtu mwingine akifungua ukurasa, simu yake inakwenda kuzitafuta mahali asipoweza kufika. Kazi ya kumfuata nyuma na kurekebisha ilikuwa yangu. Nilimgombeza mpaka nikachoka, naye alikuwa akicheka tu.

Figo ndizo zilizommaliza. Siku ya maziko nilifika kwao, mtaa wa Jaro, mchana, jeneza likiwa bado wazi sebuleni, sakafu haijafagiwa tangu alipoletwa, kama ilivyo desturi ya msiba kwetu. Kando ya jeneza, mezani kwenye kahawa na biskuti, waliiweka kompyuta yake. Kiooni palikuwa na ukurasa alioutengeneza mwenyewe mwezi wake wa mwisho, vidole vyake vilipokuwa vimeshavimba. Aliutengeneza kwa ajili ya mama yake, Nanay Teresing, mfanyakazi wa ndani huko Riyadh, kwa kuwa alijua hatapewa ruhusa ya kuja kumzika. Alipanga picha zake toka utotoni, akaacha nafasi moja mwishoni ya uso wake jenezani. Hiyo alimwagiza dada yake, Analyn, aijaze, naye alikuwa ameshaijaza. Waombolezaji walipita mmojammoja, wakafuta machozi mbele ya kioo, wakasema kijana alikuwa na mikono ya dhahabu.

Aliyekuwa haoni kitu ni mama mwenyewe. Tangu msiba uanze alikuwa akipiga simu na kusema anaona maneno yamerundikana upande mmoja, na visanduku vitupu. Analyn alimjibu kwamba mtandao wa huko ni mbovu. Wazee waliokuwa wakicheza karata uani nao wakaitikia, ni mtandao wa huko. Simu ilipolia tena, Analyn alinipa mimi.

"Mwanangu, mimi mambo ya kompyuta siyajui," alisema Nanay Teresing. "Mama mwenye nyumba ameniruhusu nikae na simu leo. Nataka nimwone uso tu kabla hamjamfunika."

Niliufungua ukurasa kwenye simu yangu. Visanduku. Nikamgeukia Jomar alivyolala na shati lake jeupe la barong, la sherehe, na kwa kweli nilitaka kumtikisa. Hata kwa hili, Jomar? Hata kwa mama yako?

Nikavuta kiti mbele ya kompyuta. Nilianza na faili la mitindo, lile linaloupa ukurasa rangi na mpangilio. Nililipandisha kwenye seva, kompyuta ya mtandaoni ambako kila mtu hufika, nikaifuta njia yake ndefu iliyoanzia kompyuta ya Jomar, nikaandika nyingine fupi inayoanzia pale ukurasa ulipo. Rangi zikarudi kwenye simu yangu. Nikarekebisha njia za picha vivyo hivyo, ikabaki kuzipandisha picha zenyewe. Hapo Analyn akanishika mkono.

"Manang, zile za mwisho, za hospitali, usiziweke," alisema kwa sauti ya chini, akiniita dada mkubwa kama siku zote.

Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza kwamba mama hakuwahi kuambiwa habari za figo. Miaka miwili Jomar alimtumia picha za zamani, zile za mashavu yaliyojaa, na alipokufa mama aliambiwa ni moyo, umesimama ghafla. Visanduku vile, alikiri, vilimpa yeye mwenyewe nafuu.

"Akiona alivyokonda atajua tulimdanganya. Yuko peke yake kule, Manang. Atamlilia nani?"

Ningeweza kuziacha zile za hospitali, nani angejua? Nikaitazama mojawapo, Jomar ana mpira wa dripu mkononi na macho yamezama. Chini yake alikuwa ameandika: Nanay, huyu ndiye mimi wa sasa. Nisamehe.

"Amezipanga mwenyewe, Analyn," nikamwambia. "Alitaka mama ajue."

Akauachia mkono wangu. Nikazipandisha zote.

Nilipompigia, tuliiweka simu mezani ili na Analyn asikie. Nanay Teresing aliufungua ukurasa, akaanza kucheka kidogo kwa kumwona Jomar wa darasa la kwanza, hana meno ya mbele. Kisha kicheko kikakatika. Tulisikia televisheni ya watu wengine huko aliko. Wabebaji walikuwa wameshasimama mlangoni.

"Nani alikuwa anampikia?" aliuliza hatimaye.

"Mimi, Nanay," Analyn alisema.

"Alikuwa anakula?"

"Kidogo. Uji wa wali, wa tangawizi."

Mwenye kifuniko cha jeneza akanitazama. Nikamwashiria asubiri.

"Mwaka jana mkataba wangu uliisha," alisema Nanay Teresing. "Pasipoti nilikuwa nayo mkononi. Nikamuuliza, mwanangu, nirudi au nitie saini tena? Akasema tia saini, Nanay, mimi mzima."

Analyn aliinama akaegemeza paji la uso kwenye ukingo wa jeneza. Mimi nilibaki nimeiinamia simu pale mezani, nikilia waziwazi mbele za watu.

"Nimemwona," alisema mama yake. "Mfunikeni."