Meza Mbili za Mapumziko

Tangu kahawa ya asubuhi Oiva alikuwa akiizunguka simu kama paka aliyeona samaki wa moto. Alikuwa mzee wa miaka sabini na ushei, dereva wa basi mstaafu, mtu aliyeendesha juu ya barafu maisha yake yote bila kutetereka. Lakini kupiga simu kwenye ukumbi wa maonyesho wa mji wa Rauma na kuagiza tiketi mbili kulikuwa kunamtoa jasho.

"Babu, simu haiumi," alisema Vilja, mjukuu wake, aliyekuja kumtembelea. Alikuwa anakula mkate mweusi kwa jibini, anamtazama kama mtu aliyepata sinema ya bure.

"Nani kasema inauma? Natafuta miwani."

"Umeivaa."

Tiketi ya pili ilikuwa ya Lyyli, mjane wa ghorofa ya chini. Wiki iliyopita, wakati wawili hao wakiondoa theluji mlangoni, Lyyli alisema kwamba mchezo mpya wa jukwaani unavunja watu mbavu, ila kwenda peke yako ni balaa: ukicheka, huna wa kumgeukia. Oiva akajibu "Mm," akaendelea na koleo lake. Ilimchukua hadi wakati wa kulala kuelewa kwamba pale alikuwa amefunguliwa mlango. Kesho yake akajikaza akamwambia huenda akawa na tiketi ya ziada. "Basi isije ikaharibika," Lyyli alijibu.

Hilo lilikuwa jambo jema. Baya ni kwamba mwana wa Lyyli, aliyeishi mji wa Turku, alikuwa anambembeleza mama yake ahamie kwake, na Lyyli bado hakuwa amekataa. Oiva alikuwa ameizoea redio ya Lyyli ikiimba chini ya sakafu. Hakutaka kufikiria nyumba bila redio ile.

"Viti vya pamoja, Babu. Umesikia?"

"Nilidhani tuache kimoja katikati. Cha makoti."

"Makoti yanaachwa mlangoni! Unamwalika mama wa watu halafu unakaa naye kama abiria wasiojuana?"

"Kwenye basi langu watu walikaa kwa heshima zao."

Hatimaye akapiga. Viti vya pamoja vikapatikana, Vilja akamwinulia dole gumba, akaenda jikoni kuongeza kahawa. Hapo ndipo mama wa tiketi alipouliza kuhusu mapumziko: wanywe nini, na kikadi cha mezani kiandikwe jina gani?

Kwa desturi, kahawa na keki huagizwa mapema, na wakati wa mapumziko kila mtu anavikuta mezani penye jina lake. Oiva akaiona meza hiyo akilini: Oiva, watu wawili. Akawaona madereva wenzake wa zamani, mfamasia, kinyozi, wote wakipita na kusoma.

Vilja aliporudi, simu ilikuwa imeshakatwa.

"Umeagiza keki?"

"Nimeagiza. Kahawa na keki kwa Oiva. Na kahawa na keki kwa Lyyli." Akakohoa. "Meza ya upande wa pili."

Vilja akaweka birika chini polepole. "Babu wangu. Mpenzi wangu. Umempa mgeni wako meza ya peke yake?"

"Ili watu wasimseme."

"Wasimseme yeye, au wasikuseme wewe?"

Oiva akasema atapiga tena kesho kubadilisha. Kesho yake akasema kesho.

Siku ya mchezo ikafika. Sehemu ya kwanza, Lyyli alicheka mpaka akajifuta machozi, na kila alipocheka alimgeukia Oiva. Kisha taa zikawaka, umati ukamiminika kwenye ukumbi wa kahawa, kila mtu akitafuta jina lake. Oiva alikuta lake karibu na dirisha. Alipogeuka, Lyyli alikuwa amesimama kule ukutani, mbele ya kikombe kimoja na kipande kimoja cha keki, amekishika kikadi chake. Alikisoma. Akakigeuza, kana kwamba nyuma kungekuwa na maelezo. Uso uliokuwa ukicheka muda mfupi uliopita ulikuwa umetulia, wa adabu tu, kama uso wa mtu anayengoja basi.

Oiva alizijua nyuso hizo. Aliziona miaka na miaka kwenye vituo, na hakupata kumpita abiria hata mmoja.

Akabeba kikombe mkono mmoja, sahani mkono wa pili, kikadi akakibana kwa meno, akaanza kukata katikati ya umati. Kahawa ilimwagika kwenye kisahani, kisha kwenye kiatu cha mfamasia. "Samahani," alisema kwa meno yaliyobanwa, bila kusimama.

Akaweka vyote mbele ya Lyyli, na kikadi chake akakisimamisha kando ya kile cha Lyyli.

"Nilifanya ujinga kwenye simu," alisema. "Niliogopa watu."

Lyyli akakitazama kikadi chenye alama za meno. "Nami nilidhani jirani yangu ananuka mdomo, hataki nijue."

"Nilikuwa nataka meza moja."

"Sasa si unayo? Kaa basi, kahawa yenyewe umeimaliza njiani." Akamimina nusu ya yake kwenye kikombe cha Oiva.

Dereva mmoja wa zamani akapita, akasoma majina, akasimama. "Oiva! Kumbe!"

Masikio ya Oiva yakawaka moto. Alimtazama Lyyli, aliyekuwa anangoja kusikia atajibu nini.

"Ndiyo," Oiva alisema. "Kumbe."